Ulizeni Kwanza Gari Litalala Wapi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Ngamiani, Tanga, na kuandikwa baadaye na msemaji mwenyewe

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na vijana mliosimama kwenye baraza kwa kukosa viti, asalaam aleikum.

Mwenyekiti aliponialika alitaka nizungumzie magari ya umeme kwa jumla. Nilimwomba anipunguzie mzigo, kwa kuwa habari za rangi, mwendo na ukimya wa magari hayo mtasimuliwa vizuri zaidi na wauzaji. Mimi ni fundi umeme mstaafu wa viwandani, na kwa miaka kadhaa sasa ninaendesha Nissan Leaf iliyotumika Japani kabla ya kufika kwangu. Ninachokijua ni kile kinachopita kati ya mita ya LUKU na betri, na hicho ndicho wanunuzi wengi hukikumbuka gari likiwa limeshashuka bandarini. Nimeambiwa kwamba chama kimeanza kupokea maombi ya mikopo ya magari haya, na kwamba fomu yenu inauliza bei, mwaka wa kutengenezwa na bima, lakini haiulizi gari litalala wapi na litachajiwa kwa soketi gani. Naomba swali hilo litangulie, hata mbele ya bei.

Nilipofika hapa saa tatu asubuhi, kwa ruhusa ya mlinzi, nililichomeka gari langu kwenye soketi ya varanda nyuma ya ukumbi. Tutakwenda kulitazama tukimaliza.

Kuna neno moja linalotupotosha sote, nalo ni "chaja". Kile kisanduku kinachofungwa ukutani, ambacho wengi wenu mmeonyeshwa picha zake kwenye simu, si chaja. Umeme unaofika nyumbani ni wa AC, unaokwenda na kurudi, na betri hupokea wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na chombo kinachogeuza huo kuwa huu kimo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku cha ukutani ni kama bawabu: kinapima kama ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, ipo, kinaliambia gari liruhusiwe kuvuta ampea ngapi, kisha kinafungua njia. Kwa hiyo mtu akifunga ukutani kisanduku cha kilowati 7 na gari lake lina chaja ya kilowati 3, atapata kilowati 3, na pesa ya ziada itakuwa imebaki ukutani kama pambo. Hili linatuhusu sana sisi tunaoagiza Japani, kwa sababu Leaf nyingi zilizouzwa kule zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu, na ile ya kilowati 6 mnunuzi aliilipia kama nyongeza. Kabla ya kutuma pesa, mwulizeni muuzaji jambo hilo kwa maandishi, na asipojua, hesabuni kwamba ni 3.

Sasa tufanye hesabu. Soketi yetu ya kawaida ya ampea 13, kwa matumizi ya saa nyingi mfululizo, haifai kuvutwa zaidi ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, maana yake kila saa moja inapitisha uniti 2.3 kwenye LUKU, kwani uniti moja ni kilowati-saa moja. Gari dogo kama langu, katika barabara zetu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linakwenda kilomita 5 hadi 6 kwa uniti moja, ukihesabu na ule umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji. Mtu anayekaa Pongwe na kufanya kazi Chumbageni, akiongeza safari ya soko na ya kumfuata mtoto shuleni, hazidishi sana kilomita 40 kwa siku. Hizo ni uniti 7 na kidogo, na soketi ya kawaida itazirudisha kwa saa tatu na dakika chache. Gari linalala saa tisa au kumi. Saa sita zilizobaki limekaa tu, halina la kufanya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wanaomshauri kila mnunuzi afunge kisanduku kikubwa na aombe umeme wa njia tatu (three-phase). Wengi wetu hapa Tanga, kwa maisha tunayoishi, tunahitaji soketi moja iliyofungwa sawasawa, na si zaidi. Tatizo ni kwamba soketi iliyofungwa sawasawa ni adimu kuliko mnavyodhani, nami nitawaeleza kwa kujisuta mwenyewe.

Gari langu lilikuja na waya wake kutoka Japani. Waya ule umetengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Nilikata plagi ya Kijapani, nikafunga yetu ya ampea 13 yenye fyuzi ndani, nikachomeka kwenye soketi ya ukumbi wa nyumba, ambayo ilikuwa inatumika kwa pasi. Lilichaji, nami nikajisifu mbele ya mke wangu. Usiku wa nne au wa tano niliamka kwa harufu kama ya samli iliyoungua. Nilipogusa plagi nikaondoa mkono upesi. Upande mmoja wa soketi ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, na mguu mmoja wa plagi ulikuwa umenata na plastiki iliyoyeyuka, nikauchomoa kwa koleo baada ya kuzima swichi kubwa. Fyuzi ilikuwa nzima. Mtu aliyefundishwa umeme alipaswa kulijua hilo: fyuzi ya 13 haikatiki kwa ampea 15, inaweza kuzibeba usiku kucha huku ikichemka, kwa kuwa kazi yake ni kukata hitilafu kubwa, si kuzuia mzigo uliozidi kidogo na ukadumu. Pasi inavuta umeme kwa vipindi na kupumzika. Gari halipumziki.

Kwa hiyo, anayeagiza gari la Japani aweke kando bei ya waya mpya wa kuchajia, wenye kisanduku cha volti 230 na uwezo wa kuchagua ampea 8, 10 au 13. Asikate plagi ya zamani kama nilivyofanya mimi. Soketi ya gari iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, kwa waya usiopungua milimita za mraba 2.5, usiogawanywa kwa friji wala pampu ya maji, na njiani pawe na kile kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja kwenda ardhini. Ekstensheni isitumike kabisa, hata ile nene ya kuviringisha, ambayo ikichajia gari bila kukunjuliwa yote hugeuka kuwa jiko.

Kuhusu ethi nitakaa kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Nyumba nyingi za zamani za mji huu zina fimbo ya ethi iliyochimbiwa miaka mingi iliyopita, na hewa ya chumvi imekula kile kibano kinachoshika waya. Ukifika Raskazone au Mwambani hata bawaba za milango zinakuonyesha kazi ya chumvi. Ndani ya nyumba hakuna anayejua kwamba ethi imekufa, kwa kuwa taa zinawaka, redio inaimba na friji inagandisha. Gari la umeme ndilo linalogundua. Visanduku vingi vya kuchajia vikikosa ethi huwasha taa nyekundu na kukataa, na mwenye gari huanza kumlaumu aliyemuuzia. Nimeitwa kwa malalamiko ya namna hiyo, na zaidi ya mara moja dawa ilikuwa kufukua fimbo, kusugua kutu, kubadilisha kibano na kupima upya. Kazi hiyo mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwambieni apime ethi kwa kifaa mbele ya macho yenu. Akiishia kuitazama tu na kutikisa kichwa kwamba ipo, bado hajapima.

Jambo jingine dogo la pwani: msifunge kisanduku wala msiegeshe gari chini ya mnazi. Mnacheka, lakini nazi haina adabu ya kuangalia kilicho chini yake.

Nije kwa wapangaji, ambao naona ni nusu ya ukumbi huu. Katika nyumba moja ya hapa Ngamiani, yenye vyumba sita na LUKU moja, kijana mmoja mwenye bidii alinunua gari la umeme na kupitisha waya dirishani. Kila chumba kilikuwa kinachangia sawa, kwa mazoea. Wenzake walikuwa wanatumia taa, feni na televisheni, vitu vinavyokula umeme kidogo tu. Yeye usiku ule wa kwanza alivuta uniti 18. Kabla wiki haijaisha tokeni ya mwezi ilikuwa imekwisha, mama mmoja alikuwa amechomoa waya saa saba usiku, na mimi nikaitwa kusuluhisha ugomvi ambao kwa kweli haukuwa wa umeme tena. Tulifunga mita ndogo kwenye njia ya soketi yake, ya bei isiyomshinda mtu anayemiliki gari, na kila Ijumaa walikuwa wanaisoma pamoja barazani.

Lakini mita ndogo haikumaliza yote, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kwenye kundi la D1, la wateja wa matumizi madogo. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 za mwezi, na zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti zote. Hizo ni bei kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 za wakala wa nishati vijijini (REA) na asilimia 1 ya EWURA. Ukizijumlisha, uniti ya T1 inafika shilingi 356. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa siku, siku 26 za mwezi, linakula peke yake uniti 190 hivi, kwa hiyo mwenye D1 asitegemee kuendelea kuchajia gari kwa bei ya shilingi 100. Afanye hesabu yake kwa T1, apate kama shilingi 68,000 kwa mwezi. Safari hizo hizo, kwa gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, zinataka lita 87. Zidisheni wenyewe kwa bei elekezi ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mkitazama safu ya Tanga badala ya ile ya Dar es Salaam. Mimi sisemi zaidi, penseli mnazo.

Wengine mmesoma kwamba umeme wa usiku ni rahisi kuliko wa mchana. Hiyo ni habari ya nchi nyingine. Kwa D1 na T1 hapa kwetu bei ni ile ile usiku na mchana. Sababu ya kuchaji usiku wa manane ni nyingine: jioni, majiko, pasi na feni za mtaa mzima zikiwa zimewashwa, volti hushuka, na ampea 10 kwa volti 200 ni kilowati 2 tu. Leaf ina saa yake ya ndani ya kupanga muda. Mimi nimeipanga ianze saa sita. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, msingoje betri ifike chini kama tulivyozoea kungoja taa ya petroli. Anayechomeka kila usiku, umeme ukikatika usiku mmoja, asubuhi bado ana akiba ya kwenda na kurudi.

Madereva wa teksi, ninyi hesabu yenu ni tofauti na ninawasihi msinisikilize nilivyosema kuhusu soketi moja. Kilomita 150 kwa siku ni uniti 27, na kwa kilowati 2.3 hizo ni saa kumi na mbili, wakati ambao gari halikuletei shilingi. Dereva wa namna hiyo atafute gari lenye chaja ya ndani ya kilowati 6 au zaidi, kisha ndipo afunge kisanduku cha ampea 32 kwa waya wa milimita za mraba 6, au 10 kama mita iko mbali na maegesho. Hapo saa nne au tano zinatosha. Umeme wa njia moja unaweza kubeba hayo, mradi jiko la umeme na hita ya maji visiwashwe pamoja nalo. Njia tatu ni ya mwenye magari mawili matatu, au karakana.

Sasa matundu. Magari haya hayakukubaliana tundu moja duniani, na sisi tunaonunua yaliyotumika tunapokea tofauti zote. Gari la Japani kama Leaf lina matundu mawili puani: dogo la duara lenye pini tano, kwa umeme wa nyumbani, na kubwa linaloitwa CHAdeMO, kwa chaji ya haraka ya DC. Ulaya wanatumia Type 2 yenye pini saba, na kwa chaji ya haraka huongeza pini mbili nene chini yake, wakaiita CCS2. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China yana tundu la GB/T, ambalo kwa jicho la haraka linafanana mno na la Ulaya, lakini haviingiliani; kampuni ile ile ikitengeneza gari la kuuza nje huweka CCS2. Ndiyo maana jina la gari peke yake halitoshi kwenye fomu ya mkopo. Takeni picha ya tundu likiwa wazi.

Kwa umeme wa nyumbani tofauti hizo ni za kununua waya unaofaa, basi. Ugumu uko kwenye chaji ya haraka, kwa kuwa pale mashine kubwa iliyo nje ya gari ndiyo inayogeuza umeme na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri, kilowati 50 au zaidi, na bila tundu linalolingana hakuna kitu. Leaf ya betri ya kilowati-saa 24 hufika asilimia 80 kwa nusu saa kwenye mashine kama hiyo. Baada ya 80 mwendo hupungua sana, na kukaa pale ukingoja ijae ni kuwachelewesha wenzako kwenye foleni. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, hivyo kwa joto letu la Januari na Februari, chaji ya haraka mara mbili au tatu kwa siku moja huipandisha joto, na gari lenyewe huanza kupunguza umeme linaoupokea.

Mtu ataniuliza: na Dar es Salaam je? Kutoka hapa ni kilomita 350 hivi kwa kupitia Segera na Chalinze, na kipande cha kutoka Segera hadi Chalinze peke yake kinamaliza Leaf ya kilowati-saa 24 kabla hakijaisha. Hata ile ya 62, ambayo ndiyo kubwa ya toleo la pili la Leaf, haifiki mjini bila kusimama. Ushauri wangu, na najua hautawapendeza wote, ni kwamba msinunue gari kwa kutegemea kituo cha kuchajia ambacho hamjakiona kwa macho yenu kikiwaka, chenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la gari lenu. Kuna msemo juu ya mji wetu, waja leo waondoka leo. Gari la umeme likiishiwa njiani na kuchomekwa kwenye soketi ya nyumba ya wageni, likija leo linaondoka kesho kutwa. Kwa Dar, mabasi ya Kange yapo. Ambaye kazi yake inampeleka huko kila wiki afikirie gari la mseto linalochomekwa, kama Mitsubishi Outlander PHEV ya miaka ya mwanzo, ambayo betri yake ya kilowati-saa 12 inatosha safari za mjini na injini ya petroli inachukua barabara ndefu. Kilowati-saa 12 ni usiku mmoja wa soketi ya kawaida.

Sola nitaigusa tu. Paneli tano za wati 550 kwa jua letu zinaweza kutoa uniti 11 au 12 kwa siku nzuri, zaidi ya zile 7 za matumizi ya kawaida. Shida ni kwamba jua linapokuwa juu gari la mfanyakazi liko kazini. Inamfaa mwenye duka ambaye gari linashinda mlangoni kwake. Wengine watalazimika kununua betri nyingine ya kuhifadhia umeme, na hapo hesabu inageuka.

Mwisho ni betri iliyochakaa, ambayo hubadilisha uamuzi wote wa kuchaji. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna mistari 12 midogo pembeni ya kipimo cha chaji; wa kwanza ukipotea, betri imeshapungua kwa takribani asilimia 15. Gari lenye mistari minane linauzwa bei ya kuvutia sana, lakini mnunuzi atachomeka kila usiku bila kukosa, na umeme ukikatika usiku mmoja hatakuwa na ile akiba niliyoisema. Kamati ya mikopo iombe picha ya dashibodi pamoja na ile ya tundu.

Ndugu mwenyekiti, saa yangu inaonyesha saa tano kamili. Gari langu limechomekwa kwa saa mbili, kwa ampea 10, kwa hiyo limevuta uniti 4.6, zisizotosha kunifikisha Muheza. Kwa bei ya T1 ninadaiwa na ukumbi huu shilingi 1,638, nami ninamkabidhi mweka hazina 2,000 mbele yenu. Tukitoka, atakayependa aje varanda aweke mkono juu ya ile plagi. Inatakiwa iwe vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Tukikuta imechemka, ninaichomoa na soketi ile tunaifungua leo leo, bisibisi ninayo mfukoni.